TAHADHARI: Anauza pistoni zilizotumika kama mpya, tumeshalizwa watatu

Ndugu zangu mnaofufua magari ya zamani majumbani, hasa tulio Tanga, Bagamoyo na Moshi, someni hili kabla hamjamtumia mtu pesa ya spea za injini. Kuna muuzaji anayesema yuko Dar na ana vitu vipya vya magari ya miaka ya 70 vilivyobaki stoo. Anajibu haraka, ana lugha nzuri, na mzigo anautuma kweli kwa basi. Si wale wa "tuma kwa namba hii" halafu kimya. Huyu mzigo unafika, ndiyo maana ni hatari zaidi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Chumbageni hapa Tanga. Nyuma ya nyumba, chini ya banda la mabati, ninayo Datsun 240Z aliyoniachia marehemu baba yangu mdogo. Ndiyo aina ile iliyochukua Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, enzi mashindano yenyewe yakiwa bado ya Afrika Mashariki. Baba mdogo aliipenda gari ile kama mtoto. Ilisimama miaka mingi chini ya mwembe, na hewa ya chumvi ya Tanga mnaijua. Bati la chini ya betri lilikuwa limeliwa lote, sakafu upande wa dereva unaona mchanga. Nimeunga bati kipande kwa kipande kwa miaka mitatu, Jumamosi jioni kama hakuna msiba wala harusi, na Jumapili asubuhi kabla watoto hawajaamka. Katikati ya wiki ni madaftari, tuisheni, na mama yangu ambaye nampeleka kliniki.

Injini yake ni L24, lita 2.4, silinda 6 zimepangwa mstari mmoja. Pistoni zake za kawaida ni milimita 83. Silinda ya tatu ilikuwa na mkwaruzo unaoshika ukucha, kwa hiyo fundi mchongaji akasema zote sita zikatwe mpaka 83.50 na zivalishwe pistoni za saizi hiyo. Lakini alinipa sharti moja: "Mwalimu, silinda sikati mpaka niwe na pistoni mkononi." Wakati ule nilimwona anachelewesha kazi. Leo namshukuru, kwa sababu angekata mapema bloku ingekuwa imeshaharibika.

Muuzaji huyu nilianza naye kwa raba za milango, 75,000. Zilikuja siku ya pili pale stendi ya Kange, mpya, laini, zikakaa bila kuvutwa. Hapo ndipo aliponinasa. Kuanzia siku ile akawa ananiita kaka, ananiuliza gari limefikia wapi, napata nafasi siku gani, injini nategemea kuifunga lini. Nikamwona mtu anayependa haya magari kama mimi, nikamweleza yote. Nikamwambia kidato cha nne wanaingia kwenye mtihani Novemba na injini sitaigusa mpaka shule zifungwe Desemba.

Ndugu zangu, maswali yale hayakuwa ya urafiki. Alikuwa anapima boksi litakaa muda gani bila kufunguliwa.

Katikati ya Oktoba akaniambia amepata seti ya pistoni sita za L24, saizi 0.50, yaani zilizozidi ya kawaida kwa nusu milimita, pamoja na pini na ringi, 850,000, warantii siku 14. Picha ilikuwa nzuri: pistoni sita zimepangwa juu ya khanga ya bluu, zinang'aa. Mke wangu alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo, akanipa. Nikatuma kishika uchumba 400,000, na salio nikamalizia aliponitumia picha ya stakabadhi ya basi. Jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri halikuwa lake. Akasema ni la mke wake, laini yake imefika kikomo cha siku. Nikaendelea. Boksi nikalipokea Kange usiku, zito, limefungwa kwa selotepu pande zote, nikaliweka juu ya kabati. Lilikaa pale wiki saba.

Desemba nikalipeleka kwa fundi. Akatoa pistoni ya kwanza, akaigeuza chini juu kabla hata hajachukua kipimo. Juu inang'aa kama sufuria mpya. Chini, kwenye paa la ndani na kandokando ya tundu la pini, rangi ya chai ya rangi, lile doa la oili iliyoungua ambalo halitoki hata ukisugua. Akachukua sindano akapitisha kwenye mfereji wa ringi, ikatoka na unga mweusi. Akanionyesha tarakimu zilizogongwa juu ya pistoni: 0.50. Kwenye moja ile tano imelala, kwenye nyingine imesimama, kwenye ya nne nukta haipo kabisa. Ziligongwa kwa mkono na nyundo.

Ndipo akapima. Pistoni inapimwa kwenye sketi, chini, upande uliokingamana na pini. Ukipima kichwani utadanganyika, kwa sababu kichwani huwa imetengenezwa nyembamba kidogo makusudi. Nne zilisoma 82.9 na ushei, yaani ni pistoni za saizi ya kawaida zilizolika. Mbili zilikuwa za injini nyingine kabisa: tundu la pini liko juu zaidi, na kwenye mizani ya duka la jirani zilikuwa nyepesi kwa gramu 40 hivi kuliko wenzake. Kwenye injini ya silinda sita pistoni zinatakiwa zitofautiane gramu chache tu, la sivyo injini inatetemeka mpaka inajiua. Na pistoni ya 82.9 ndani ya silinda ya 83.50 inacheza zaidi ya nusu milimita, wakati nafasi inayotakiwa ni sehemu chache tu kati ya mia za milimita moja. Ingegonga tangu siku ya kwanza na kunywa oili, na bloku ya L24 hapa Tanga nitaitoa wapi?

Nikampigia. Hakukataa. Alisema stoo wamekosea boksi, pole sana kaka, ila siku 14 zimepita, kwa hiyo nyingine ziko bandarini na natakiwa kuchangia 180,000 za kuzitoa. Akanitumia picha. Ilikuwa khanga ile ile ya bluu. Niliposema sitoi hata senti akanifungia namba.

Nilipoeleza kwa watu, kaka mmoja wa Bagamoyo mwenye Ford Escort ya zamani akanitumia picha aliyouziwa yeye. Khanga ile ile, na doa lile lile kwenye pindo. Wa Moshi naye aliuziwa kabureta "mpya" ambayo ndani ekseli ya kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga hewa, imelika mpaka inachezacheza. Wote wawili walianza na kitu kidogo kilichofika salama, na wote walikuwa wamemwambia lini watapata nafasi ya kufunga.

Jina na namba zake sitaziweka hapa. Nimeshachukua RB, namba ya taarifa ya polisi, na wao wanazo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa pa kuanzia. Meseji ya kuomba pesa za bandari nimeituma 15040, namba ya kuripoti meseji za utapeli. Ninachowapa ninyi ni tabia yake, kwa sababu namba atabadilisha.

Mzigo ukifika stendi, fungua pale pale mbele ya watu wa ofisi ya basi, hata kama ni usiku na kesho una kipindi cha kwanza. Piga video selotepu ikiwa bado haijakatwa. Pistoni igeuze uone chini, kwa sababu upande ambao haupigwi picha ndio husafishwa vibaya. Mwombe muuzaji kabla ya malipo akupigie picha ya kila pistoni juu ya mizani, na ya kipimo kikiwa kwenye sketi. Mwenye mali hasumbuki na hilo. Huyu nilipomwomba picha ya chini alisema simu yake kamera ina ukungu, na mimi nikamwelewa. Jina la kwenye simu likitofautiana na la mtu unayeongea naye, simamisha. Na tafadhali, ratiba yako ya kufunga injini usimpe mtu anayekuuzia.

Bloku yangu bado iko kwa fundi haijakatwa, imepakwa grisi na kufunikwa. Mke wangu hajanilaumu, na hilo linaniuma zaidi kuliko angenilaumu.

Kama umenunua kwa mtu wa namna hii tangu Agosti na boksi liko juu ya kabati, lifungue leo. Ukikuta tarakimu zimegongwa kwa mkono au chini kuna rangi ya chai, usitupe kitu, usisafishe, weka stakabadhi ya basi pamoja nalo uniandikie pembeni. Alhamisi sisi watatu tunapeleka maelezo ya pamoja, na la nne litaongeza nguvu.