Jeep Wrangler: Sport, Sahara au Rubicon?

Anayetaka kununua Jeep Wrangler ya kizazi cha JL, kilichoanza na modeli za 2018, aangalie kwanza mitambo iliyo chini ya gari, kwa sababu huko ndiko madaraja yake matatu, Sport, Sahara na Rubicon, yanakotofautiana kwa uzito. Rubicon huja na loki za difu ya mbele na ya nyuma (vifungo vinavyolazimisha magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka pamoja) zinazofungwa kwa swichi, pamoja na gia nzito, ile ya mwendo wa polepole wenye nguvu, yenye uwiano wa 4:1, ilhali Sport na Sahara za kawaida zina uwiano wa 2.72:1. Katika mteremko wa mawe tofauti hiyo ni kubwa mno: Rubicon hushuka taratibu ikizuiwa na injini yenyewe, na gurudumu moja likining'inia hewani, mwenzake aliye chini huendelea kuvuta. Matairi yake ya inchi 33 kwenye rimu za inchi 17 yana ukuta mnene unaostahimili mawe, ingawa kwenye lami hunguruma, jambo ambalo familia italihisi katika safari ndefu.

Sahara inawafaa wanaoishi zaidi barabarani. Imetulia, na kwa tope la kawaida inatosha kabisa.

Sport ninaipenda kwa unyenyekevu wake, lakini ninamsihi mnunuzi mwenye nia ya kuongeza loki baadaye apige hesabu ya vipuri na ufundi mapema, maana kufungua ekseli mbili ni kazi ghali. Mtu wa milimani achukue Rubicon tangu mwanzo.