Upasuaji wa roboti kooni: mjomba alifanyiwa India, haya ndiyo niliyoyaona

Mjomba wangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, kazi inayotaka sauti. Uvimbe ulipomtoka shingoni alinunua dawa za mafindofindo duka hadi duka, mpaka Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, walipomkata kipande kidogo cha nyama wakakipima, wakakuta saratani kwenye shina la ulimi. Ukoo ukachanga, akaenda India, nami nikafuatana naye kumuuguza.

Roboti haipasui yenyewe. Daktari anakaa kando, macho kwenye kioo kinachomkuzia koo lote, na mikono yake ndiyo inayoongoza vyuma vyembamba vilivyopitishwa mdomoni mwa mgonjwa. Mashine inaitwa da Vinci, ya Marekani, na huko iliruhusiwa kwa upasuaji wa koo mwaka 2009. Njia ya zamani daktari alinionyesha kwa kidole kwenye kidevu chake mwenyewe: mdomo wa chini unachanwa, taya linakatwa kwa msumeno, ndipo shina la ulimi lifikiwe. Mjomba hana hata mkwaruzo usoni. Kwa hilo nawapa alama zote.

Wakala aliyetupangia safari simpi hata moja. Alituambia ni upasuaji usio na kidonda. Tezi za shingo zilitolewa kwa kisu cha kawaida, na kovu lipo. Mjomba alilishwa kwa mpira wa puani, kisha akafundishwa kumeza upya: kijiko kimoja, kidevu kifuani, meza, kohoa, meza tena. Maji na uji mwepesi ndivyo vilivyompalia. Uji mzito ulipita. Nilikaa na kile kijiko mkononi nikimwomba Mungu kila anapofumba mdomo. Halafu majibu ya maabara yakaja, ikabidi apigwe na mionzi. Fedha za mionzi hatukuwa tumezipanga, kwa kuwa hakuna aliyetuambia.

Leo anakula ugali kwa mchuzi wa sato, taratibu, na sauti imerudi ingawa nzito kidogo.

Ndugu zangu, njia hii ni ya uvimbe mdogo, sio uliokwisha kuingia kwenye taya. Tena saratani nyingi za koo hutibiwa kwa mionzi na dawa bila kisu, na mionzi ipo hapa hapa Bugando. Kabla hamjauza kiwanja, mwulizeni daktari wa saratani: kwa mgonjwa wetu, kisu kitamwondolea mionzi, au atahitaji vyote viwili?