Hancock Shaker Village: uzoefu wangu kama seremala

Nilikwenda kutazama mbao. Kijiji hiki kiko Pittsfield, magharibi mwa jimbo la Massachusetts, Marekani. Waumini wa Shaker, dhehebu la Kikristo, waliishi hapa tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi 1960, kisha pakawa makumbusho. Kwa yeyote anayependa kazi ya mikono, nauli yako haitapotea.

Wengi hukimbilia zizi la mawe la mviringo la mwaka 1826, na wana haki. Limejengwa kwenye mteremko, hivyo mkokoteni wa nyasi uliingilia ghorofa ya juu, ukazunguka ndani ukishusha mzigo katikati, ukatoka bila kurudi kinyumenyume. Chini yake ng'ombe walifungwa vichwa vikielekea kwenye rundo lile, na samadi ikadondokea chini zaidi.

Mimi nilinasa kwenye visanduku vyenye umbo la yai. Ubao mwembamba wa mepo (mti wa mbao ngumu, kwa Kiingereza maple) hulainishwa kwa maji ya moto, ukazungushwa kwenye kalibu, na ncha zake zilizochongwa kama vidole zikagongewa vimisumari vya shaba. Fundi atajiuliza kwa nini wasiache ncha moja pana. Ni kwa sababu mbao huvimba na kusinyaa. Ncha pana ingebetuka au kupasuka, ila vidole vyembamba huipa nafasi. Shaba nayo haishiki kutu, basi haitii mbao doa. Nilikishika kimoja nikatafuta mwanya kati ya kifuniko na ukingo, sikuuona.

Uangalifu huo ulitoka kwenye imani yao. Kiongozi wao wa mwanzo, Mama Ann Lee, mzaliwa wa Manchester, Uingereza, alizika watoto wake wote wanne wakingali wadogo. Mwaka 1774 alivuka bahari na wafuasi wachache hadi New York. Walishika useja, mali ya pamoja, kuungama dhambi na kukataa vita. Ibadani walicheza na kutetemeka. Kazi kwao ilikuwa ibada, kwa hiyo kulipua kazi ni kumlipulia Mungu. Kwenye nyumba ya matofali ya 1830 utaona ngazi za wanaume zimetengwa na za wanawake, ingawa katika uongozi walikuwa sawa. Kuta zina safu za vigingi vya kutundikia hata viti, sakafu ifagiliwe yote. Kigingi chenyewe kimekerezwa vizuri kuliko miguu ya meza nyingi za siku hizi!

Ushauri wangu: usianzie dukani. Tenga siku nzima, vaa viatu vya kutembelea, na ukimkuta fundi kazini muulize maswali. Wanaojifunza useremala waende na daftari, wachore viungo vya droo na migongo ya viti. Mafundi wetu wa karakana wangefaidika mno na michoro hiyo.