Fyuzi Namba 80: Pete ya Shaba Iliyohesabu Sekunde za Kombora

Ndugu watazamaji, karibuni tena mezani kwangu. Kitu nilichokiweka juu ya kitambaa hiki chekundu hakilipuki, hakiwaki, wala hakina chembe ya baruti ndani yake, na hati ya fundi aliyekisafisha ninayo hapa mkononi. Nalitanguliza hilo kwa sababu mara ya mwisho nilipowaonyesha ganda la kombora, wengi wenu hamkuuliza chochote kuhusu ganda bali mliuliza kama majirani zangu wana habari. Majirani hawajambo. Hii ni fyuzi Namba 80 ya jeshi la Uingereza, kifaa cha kulifungua kombora kwa wakati uliopangwa, iliyofungwa kwenye ncha ya makombora ya mzinga wa ratili 18 (mzinga ulioitwa kwa uzito wa kombora lake) katika Vita Kuu ya Kwanza, na tafadhali msiichanganye na fyuzi ile ya ukutani inayokatika mnapowasha pasi na jiko kwa pamoja.

Mzinga wenyewe sitauzungumzia sana. Uliingia jeshini mwaka 1904, kipenyo cha mtutu wake ni milimita 83.8, na picha zake mmeziona mpaka mmechoka. Mimi nimekuja kwa ajili ya hii pete.

Kabla sijaigusa, ni lazima tuelewane kuhusu kombora lililoibeba, kwa maana siku hizi watangazaji huita shrapneli kila kipande cha chuma kinachoruka kutoka kwenye bomu. Jina hilo ni la Henry Shrapnel, ofisa wa mizinga wa Uingereza aliyeanza kuifanyia kazi fikra yake mwaka 1784, na kombora lake likatumika vitani kwa mara ya kwanza huko Suriname mwaka 1804. Kufikia mwaka 1914 kombora la shrapneli la ratili 18 lilikuwa mfano wa gobore linaloruka: ndani ya ganda la chuma zilipangwa goroli za risasi zaidi ya 370 zilizogandishwa kwa utomvu, chini yake kikawekwa kiasi kidogo cha baruti, na katikati ukapita mrija wa kushushia moto kutoka kwenye fyuzi. Likiwa bado hewani, baruti ile ya chini ilizisukuma goroli zikang'oa kichwa cha kombora na kumwagika mbele kama mtama unaotoka guniani, huku ganda lenyewe likibaki zima. Kombora la namna hiyo lina faida likifunguka mahali pake tu. Likiwahi, goroli zinapoteza nguvu njiani. Likichelewa, zote zinazama udongoni.

Sasa nasogeza kamera karibu, na naomba mvumilie kwa sababu hapa nitakaa.

Juu kabisa mnaona kofia, chini yake pete mbili zimelaliana, kisha kitako chenye hesi kinachoingia kwenye kichwa cha kombora, na upana wa hesi hizo nimeupima kwa rula nikapata inchi mbili. Pete ya juu haizunguki. Ya chini inazunguka, na ukingoni mwake zimechongwa namba kuanzia 0 hadi 22, pamoja na vistari vidogo katikati yake. Sikilizeni ninapoizungusha: haikwaruzi, hairuki, wala haitelezitelezi, inakwenda kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho, kama mtungi wa ghee unaofunguliwa na mtu asiye na haraka. Imepita miaka zaidi ya mia moja.

Ili niwaonyeshe kilichomo ndani, nimeleta dawa mbili za mbu, zile za mduara tunazochoma usiku, nikazikata zikabaki na umbo la kiatu cha farasi. Hii moja iwe pete ya juu na hii nyingine iwe pete ya chini. Upande wa chini wa kila pete ulichimbwa mfereji, na ndani ya mfereji huo ikashindiliwa baruti laini, lakini mfereji haukamilishi mzunguko. Iliachwa sehemu fupi ya shaba tupu ili moto uwe na mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia. Mzinga unapofyatuliwa, kombora linachomoka ghafla, na kidude kidogo chenye fataki kilichomo chini ya kofia kinashindwa kwenda nalo kwa kasi ileile, kwa hiyo kinarudi nyuma na kugonga sindano. Cheche inawasha baruti ya pete ya juu. Moto unatembea ndani ya pete hiyo mpaka ukute tundu la kushukia kwenye pete ya chini, unashuka, unatembea tena mpaka ukute tundu jingine linaloelekea kwenye kitako, na kutoka hapo unaingia kwenye mrija na kazi inakuwa imekwisha.

Nikiiweka pete kwenye 0, matundu yanalingana na moto unateremka mara moja. Nikiipeleka hadi 5, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: tundu la kushukia linakaa mbali na pale moto unapoanzia juu, na wakati huohuo mwanzo wa pete ya chini unakaa mbali na tundu la kitako. Maana yake ni kwamba kila ninapozungusha kidogo tu, safari ya moto inarefuka juu na inarefuka chini, hadi nifike 22 ambako moto unalazimika kuzimaliza pete zote mbili. Hakuna magurudumu ya saa humu ndani, wala hakuna kinachozunguka kombora likiwa hewani. Muda wenyewe ni urefu wa njia ya baruti, na askari aliukata kwa kuzungusha mkono. Nilipolielewa jambo hili nilicheka peke yangu jikoni saa sita za usiku, na mke wangu akaja kuuliza kama kuna mgeni.

Uzuri huo una gharama yake. Kombora likiwa limepungua kasi hadi mita 300 kwa sekunde, kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde ni mita 30 nzima, na vistari hivi mnavyoviona ni vyembamba kiasi kwamba mimi mwenye miwani na taa ya mezani nimekosea mara mbili nikijaribu kuiweka pete mahali nilipokusudia. Mpiga mzinga alikuwa na ufunguo maalumu wa kuzungushia, sawa, lakini alikuwa pia na giza, matope, vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi na mtu anayempigia kelele za namba masikioni.

Kwa hili Wafaransa walikuwa wajanja zaidi, nami nakiri ingawa moyo wangu uko kwenye pete. Fyuzi ya mzinga wao wa milimita 75 wa mwaka 1897 ilikuwa na mrija wa baruti uliozungushwa chini ya kofia, na kando ya mzinga ilisimama mashine iliyotegwa kwa umbali uliotakiwa. Makombora mawili yalipachikwa kwa pamoja, mkono ukavutwa, na mashine ikatoboa kila fyuzi pale moto ulipotakiwa kupenya. Hapakuwa na kusoma vistari. Kasoro yake ni kwamba tundu likishatobolewa halizibiki, ilhali hii ya kwangu ukighairi unairudisha tu. Wajerumani nao walitengeneza kombora la howitza (mzinga mfupi unaorusha kombora juu) ya sentimita 10.5 ambalo lilikusudiwa kuwa shrapneli na kombora la mlipuko kwa wakati mmoja, wakiweka goroli pamoja na kilipuzi ndani ya ganda moja. Lilikuwa tata, lilikuwa ghali, na halikuwa bora katika kazi hata moja kati ya hizo mbili, hivyo wakaliacha vita ikiwa inaendelea. Mshika mbili, moja humponyoka.

Mnaoitukuza fyuzi hii kwa sababu ni ya Kiingereza, nina habari kwa ajili yenu. Ubunifu wake ulitokana na hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya Krupp, kampuni ya Ujerumani iliyokuwa inamtengenezea Kaisari mizinga, na kabla ya vita kampuni ya Kiingereza ya Vickers ilikubaliana nayo kulipa shilingi 1 na peni 3 za Kiingereza kwa kila fyuzi. Vita ilipokwisha, Krupp ikadai fedha zake. Naam, ilidai malipo ya fyuzi zilizofungwa kwenye makombora yaliyowaangukia askari wa Ujerumani, na mwaka 1926 Vickers ikalipa pauni 40,000 ili yaishe.

Kuhusu bei, hii nimeinunua kwa pauni 45 katika soko la vitu vya kale la Jumapili hapa London, na bei hiyo isingeniuma kama muuzaji asingeisugua kwa mashine mpaka ikang'aa kama bangili ya harusi. Tarakimu 80 bado inasomeka, lakini mhuri wa kiwanda na mwaka vimefutika, na nimelazimika kuimulika kwa tochi kutoka ubavuni ndipo nikapata kivuli cha herufi mbili. Nilimwuliza kwa nini ameiharibu, akanijibu kwamba wateja wanapenda vitu safi. Shaba ya zamani huachwa na wekundu wake, jamani.

Narudi kwenye kasoro, kwa sababu kuna mbili kubwa ambazo pete haina dawa nazo. Ya kwanza ni baruti yenyewe, ambayo ikipata unyevu inawaka kwa kusuasua, ndiyo maana fyuzi hizi zilisafirishwa zikiwa zimefunikwa kikombe kisichopitisha maji. Hewa ikiwa nyepesi nayo huuchelewesha moto, na jambo hilo likawa tatizo kubwa mizinga ilipoanza kuelekezwa juu kupiga ndege. Krupp ikajibu kwa kutengeneza fyuzi yenye mashine ya saa ndani yake wakati vita ingali inapiganwa, na mbele ya saa, baruti haina la kusema.

Kasoro ya pili si ya fyuzi bali ya kazi iliyopewa. Vita ilipoanza mwezi wa Agosti 1914, mzinga wa ratili 18 ulikuwa na shrapneli tu, silaha nzuri dhidi ya askari waliosimama uwanjani, na katika wiki chache askari wote wakawa wameingia mahandakini. Waingereza wakaamua goroli hizo zikate seng'enge zilizotandazwa mbele ya mahandaki. Jambo hilo liliwezekana, mradi kombora lifunguke kwenye kimo kamili na umbali kamili, yaani mradi kistari hiki chembamba kisikosewe na baruti isiwe na unyevu. Kabla ya shambulio la Somme, huko Ufaransa, Waingereza walipiga makombora takriban milioni 1.5 kwa siku saba, na asubuhi ya tarehe 1 Julai 1916 vikosi vingi vilikuta seng'enge zimesimama vilevile.

Dawa ikapatikana kwenye fyuzi nyingine, Namba 106, ambayo kwa sura haifiki hata robo ya hii. Ilikuwa na sindano ndefu iliyozungushiwa utepe wa shaba. Kombora likiwa hewani utepe ulijifungua wenyewe, na sindano ikigusa chochote, hata waya, kombora la mlipuko lilipasuka papo hapo kabla halijachimba udongo. Mwaka 1917 ilitumika kwa wingi, vita vya Arras huko Ufaransa vikiwemo, na hapakuwa na namba ya kusoma wala pete ya kuzungusha. Mwanzoni mwa video hii nilikusudia kuipa Namba 80 alama tisa kwa kumi. Nikiwa nazungumza nayo hapa, nimeishusha hadi tisa kwa ufundi na nne kwa kazi, na mnaoona nimeionea mniandikie.

Jambo moja la kituo chetu: Mungu akipenda, mwezi ujao nitakuwa Mombasa, ambako nje ya Fort Jesus uko mzinga wa meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa Rufiji mwezi wa Julai 1915 na mizinga yake ikavutwa nchi kavu, pamoja na ule wa Pegasus, meli ya Waingereza iliyopigwa na Königsberg hiyohiyo bandarini Zanzibar mwaka 1914. Nitaipiga picha yote miwili.

Mwenye kutaka kununua fyuzi kama hii adai kwanza hati ya kwamba imetolewa baruti, na asiokote kamwe yoyote shambani, kwa maana wakulima wa Ubelgiji mpaka leo wanapolima hufukua makombora ya vita ile. Hati ikiwa safi, usiangalie mng'ao. Ishike kitako kwa mkono wa kushoto na uizungushe pete kwa mkono wa kulia. Ikiwa imekwama, mrudishie mwenyewe na uende zako, hata akikuachia kwa pauni kumi.