Parking ya Nairobi tao: kulipa ni rahisi, shida ni hiyo bei ya kutwa

Nyota tatu kwa tano, na mbili kati ya hizo ni za *235# peke yake, ile namba ya kulipia parking kwa simu, nisiseme uongo.

Nianze na hiyo basi. Wale mlianza kuendesha gari juzi hamjui raha mko nayo, kitambo ulikuwa unampatia mtu wa kanjo (city council) kesh kwa mkono, anakuandikia risiti ya karatasi, unaiweka kwa dashibodi ionekane, na pesa ikipotelea njiani kabla ifike City Hall hakuna wa kuuliza. Malipo ya simu yalikuja enzi za gavana Kidero na mfumo wa JamboPay, hao wakaenda, zikaja mifumo mingine, saa hii tuko na mfumo wa Nairobi Pay wa wakati wa gavana Sakaja. Unapiga *235#, unaweka namba ya gari, unachagua zoni, M-Pesa inakuitisha PIN, umemaliza hata kabla ufungue mlango. Askari akipita anaangalia namba yako kwa simu yake anaona umelipa, anaenda. Hapo sina maneno.

Sasa bei. Gari ndogo katikati ya tao ni shilingi 300, hivyo ndivyo sheria ya fedha ya kaunti ya 2023 ilivyoweka. Na mtanisamehe wenye mnalia na 300, mimi kelele yangu si hiyo. Kelele yangu ni kwamba ni ya siku nzima utake usitake. Uende Biashara Street mara moja kununulia mtoto wa dadako nguo, dakika 20 umetoka, 300. Upitie City Market uchukue samaki, 300. Halafu kuna mwenye ofisi Kimathi Street, anaingia saa moja asubuhi, anatoka saa kumi na mbili jioni, yeye pia 300, ukigawa kwa hayo masaa 11 haifiki hata bob 28 kwa saa! Kwa hiyo yule anashinda hapo kutwa ndiye anauziwa bei rahisi, na yule alitaka nusu saa anunue kitu aende ndiye anamlipia. Na nafasi haipati, maana imekaliwa tangu alfajiri. Wenye maduka hapo chini ndio wanaumia, mteja anazunguka mara tatu anachoka anaenda zake mall ya huko Westlands.

Na ukifuatilia vile hii maneno imekuwa ikiamuliwa utaona wanavutana na namba tu. Wakati wa City Council ilikuwa 140. Kaunti zikaanza 2013, Kidero akapandisha ikawa 300, watu wakapiga kelele, baadaye ikashuka 200. Desemba 2019 Sonko akiwa gavana ikatangazwa 400, korti ikasimamisha, tukarudi 200. Akaja Sakaja, 300 tena. Yaani ni kununua nyanya sokoni, panda shuka panda shuka, lakini wote hao wamekuuzia kikapu kizima hata kama ulitaka mbili. Nawaelewa kiasi, parking ni moja ya vitu vinaingizia kaunti pesa nyingi, pamoja na rates za mashamba na leseni za biashara, hakuna gavana atataka kucheza na hiyo.

Kuna mwenye ataniambia kulipa kwa saa ni ngumu, itabidi askari wapite kila saa, watu watadanganya. Zamani ya risiti za karatasi ningekubali. Saa hii mfumo unajua umelipa saa ngapi na dakika ngapi, kinachobaki ni hesabu. Dar wanalipa kwa saa na maisha yanaendelea. Hata hapa Nairobi parking nyingi za majengo ni kwa saa, na hakuna mtu amekufa.

Ushauri wa haraka kwa mwenye anakuja tao: ukiwa na shughuli fupi tafuta parking ya jengo inayolipisha kwa saa, ukiwa na ya kutwa lipa 300 ya kaunti na usijisumbue, lakini fika mapema kabla ya saa mbili. Na yule kijana anakupigia mkono "rudi, rudi, kata" hayuko kwa hiyo 300, huyo mtaelewana wenyewe.

Parking ni kazi ya kaunti kikatiba, kwa hivyo wa kupitisha hizi bei ni MCA wetu, wale wa bunge la kaunti, si mtu wa mbali. Bill ya fedha ya kaunti ikitoka tena na wakiitisha maoni ya wananchi mimi nitapeleka laini moja tu, 100 kwa saa mbili za kwanza, na mwenye anataka kushinda alipe ya kushinda. MCA wangu nimeshamtumia WhatsApp, tiki mbili za bluu, kimya.