Kabla hujalipia trekta la mtoto, fungua boksi ujaribu ndoano ya tela

Agosti mwaka jana tulimpeleka kijana wetu Nanenane, viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya. Wenzake walikuwa wanatazama ng'ombe na sungura. Yeye alisimama mbele ya Massey Ferguson jekundu akagoma kuondoka, mpaka baba yake akambeba analia. Wiki hiyohiyo nikaenda sokoni Mwanjelwa kumtafutia la kwake. Nikapata seti nzima kwenye boksi lenye dirisha la nailoni: trekta, tela, plau, ng'ombe wawili, kondoo, bata, vipande vya uzio, na trekta lenyewe linapiga honi na kuimba. Muuzaji alianza elfu hamsini, nikamshusha mpaka thelathini na tano. Nikarudi nyumbani najiona mjanja.

Tulilifungua Ijumaa jioni. Jumamosi kabla ya chai, tela lilikuwa halishiki tena. Ile ndoano ya nyuma ya trekta, kijiti cha plastiki chembamba kama njiti ya kiberiti, ilikuwa imekatika kwenye shina. Mtoto alikuwa nayo mdomoni. Miaka mitatu alikuwa hajafikisha.

Nikarudi dukani siku hiyohiyo. "Mama, mzigo ukishatoka haurudi. Kwani trekta halitembei?"

Linatembea, ndiyo! Lakini wanaouza hivi vitu hawajawahi kukaa chini kumwangalia mtoto anavyocheza. Sisi wazazi tunauliza linatumia betri ngapi, lina wanyama wangapi, linaimba. Mtoto haendeshi trekta, mtoto anasomba mizigo. Wangu anapakia maharage kwenye tela, analifunga, analivuta mpaka chini ya meza anapopaita Kyela, analifungua, anamwaga, anarudi na trekta tupu, kisha anakumbuka tela amelisahau. Asubuhi moja nilijaribu kuhesabu anafunga na kufungua mara ngapi. Nilipofika arobaini niliacha, nikaendelea na kufua. Ndoano ndiyo inayobeba mchezo wote, na ndiyo waliyoitengeneza kwa plastiki iliyobaki.

Hata matrekta ya kweli ni hivyo. Huyo Ferguson wa Massey Ferguson, Harry Ferguson wa Ireland ya Kaskazini, jina lake halikukuzwa na injini. Lilikuzwa na namna ya kushikiza jembe nyuma ya trekta kwa mikono mitatu, miwili ya chini ikiinuliwa na haidroliki, na hadi leo matrekta unayoyaona yakilima Usangu yanashika jembe kwa mtindo huo. Mzee aliumiza kichwa kwa ajili ya kiungio, halafu mtu anakuja kuniuzia trekta lenye njiti.

Kwa hiyo ukifika dukani, funga tela na ulifungue mara kumi palepale. Kisha fanya anachofanya mtoto: inua trekta juu tela likiwa linaning'inia. Ipinde ndoano kidogo kwa kidole gumba. Ukiona plastiki inapiga mstari mweupe kwenye shina, irudishe kwenye boksi, hiyo ina siku mbili. Unataka ndoano nene iliyotoka pamoja na mwili wa trekta, au pini ya chuma. Ile iliyochomekwa na kugundishwa kwa gundi usiiguse.

Namba moja kwangu ni Bruder, na sitajifanya sina upande. Ni Wajerumani, matrekta yao ni ya plastiki ngumu ya kipimo cha 1:16, maana yake trekta la urefu wa mita 4 linakuja sentimita 25. Halina betri, haliimbi, na Mungu awabariki kwa hilo. Ndoano yake ni kubwa, vidole vya mtoto vinaishika bila kuita mama, na tela la seti moja linashika kwenye trekta la seti nyingine. Kikikatika kitu, wanauza vipuri. Baba yake alituagizia Massey la Bruder na tela lake kutoka Dar, tukalipa laki moja na sitini pamoja na nauli ya basi. Najua ni hela. Limekaa miezi minane, limelala nje kwenye mvua, limekanyagwa, na kilichotoka ni vioo vya pembeni tu, ambavyo kwa kweli ni vyembamba mno na wangeviacha.

La pili ni Siku, nao Wajerumani, lakini kipimo ni 1:32 na mwili una chuma. Trekta lile la mita 4 hapa ni sentimita 12 na nusu. Ni zuri sana, hata babu atalitaka. Ila pini ni ndogo kwa mtoto wa miaka mitatu, na lina vipande vidogo, kwa hiyo subiri afike mitano. Britains wa Uingereza wako kwenye kipimo hichohicho na ningewaweka sawa na Siku kama ningekuwa nawaona. Huku kwetu wanapatikana kwa bahati, mara nyingi kwenye mitumba, bila boksi.

Wanyama nunua mbali na trekta. Ng'ombe mweusi na mweupe wa kampuni ya Schleich ni ghali kwa ukubwa wake, lakini mwanangu anamwita ng'ombe wa bibi, kwa sababu kule Tukuyu ng'ombe wa maziwa ndio hao. Yule wa kwenye seti yangu ya Mwanjelwa alikuwa wa kijani.

Seti za elfu kumi na tano za barabarani: zote ndoano ni ileile. Kama lazima, chukua isiyo na betri. Zile betri bapa kama kifungo cha shati mtoto akimeza zinaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2, kwa hiyo kifuniko chake kiwe na skrubu, na akimeza usingoje kuona dalili, kimbia hospitali. Magari ya waya ya watoto wa mtaani kwetu nayaona yana ndoano imara kuliko hizo seti, wanatumia spoku ya baiskeli.

Na wauzaji wa mtandaoni, jamani. Picha nzuri ya trekta, chini yake "bei njoo inbox". Naenda inbox, naulizwa niko wapi. Nikisema Mbeya bei inapanda kabla hata ya nauli. Mwingine aliniapia kuwa lake ni "Mjerumani orijino", nikamwomba picha ya nyuma ilipo ndoano, mpaka leo hajajibu.

Mwee, halafu juzi nikapita palepale Mwanjelwa. Boksi lilelile, ng'ombe yuleyule wa kijani. Nikauliza bei. "Arobaini na tano dada, mzigo umepanda." Nikaomba kufungua nijaribu ndoano.

"Ukifungua umenunua."