Kupanga nyumba Jinja: dalali simpendekezi, mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) nampendekeza

Nilihamishiwa kazi Jinja, hapa Uganda, kutoka Tororo, na kodi niliyoweza kulipa ilikuwa shilingi 300,000 kwa mwezi, isizidi hapo. Nilitaka vyumba viwili, choo na bafu ndani, na mita ya umeme ya peke yangu. Naandika haya kwa sababu watu wengi wanakuja Jinja wakiamini kwamba bila dalali hupati nyumba.

Nilianza na dalali kama wengine. Alinitumia picha nzuri kwenye simu, kisha akadai 20,000 ya kunionyesha, nayo hairudi hata usipopenda. Tulipofika, nyumba ya kwenye picha "imechukuliwa leo asubuhi". Akanipeleka kwingine, mbele ya Bugembe, kodi 400,000, na bei yangu alikuwa anaijua tangu mwanzo. Halafu piga hesabu: ukikubali nyumba, dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba anataka miezi mitatu mbele. Kwa nyumba ya 250,000, unatoa milioni nzima kabla hujaingiza godoro. Kwa mtu wa mshahara wa kawaida huo ni mzigo usio na sababu.

Wenzangu kazini ndio walionielekeza kwa mwenyekiti wa LC1 wa mtaa mmoja wa Mpumudde. (Mpumudde ndipo alipofia Kabalega, Mukama (mfalme) wa Bunyoro, mwaka 1923, akirudi kutoka uhamishoni Ushelisheli. Naona fahari kuishi hapo.) Mwenyekiti anajua chumba gani kitupu, kwa kuwa anayehamia na anayehama wote hupita kwake kwa barua. Alitaka kuona kitambulisho changu cha taifa na barua ya LC1 ya nilikotoka, nikalipia muhuri wake, tukatembea kwa miguu nyumba hadi nyumba. Hapo ndipo nilipompata Hajati, mwenye nyumba wangu wa sasa. Kodi 250,000, na tulipoongea vizuri akakubali miezi miwili mbele badala ya mitatu.

Kuhusu umeme, nawasihi msione ni jambo dogo. Nyumba nyingi za bei nafuu zina mita moja ya Yaka (umeme wa kulipia kabla) kwa vyumba vinne au vitano. Wa friji, wa pasi na wa balbu moja wote wanachangia sawa, na ugomvi hauishi. Zaidi ya hapo, yuniti 15 za kwanza za mwezi, zile za bei ya chini kwa watumiaji wadogo wa nyumbani, hutolewa kwa mita, siyo kwa familia. Mkiwa familia tano kwenye mita moja, mnagawana zile zile 15. Chumba cha 200,000 chenye mita ya pamoja kinaweza kukugharimu zaidi kuliko cha 250,000 chenye mita yake. Nilimwambia Hajati hivyo, akanijibu, "Mwanangu, ndiyo maana niliweka mita kila mlango. Nilichoka kuamua kesi."

Mkataba tuliuandika mbele ya mwenyekiti. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inalazimisha maandishi kodi ikifika 500,000, lakini hata chini ya hapo andikeni. Sheria hiyo pia inazuia kodi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na tuliweka kipengele hicho ndani.

Walukuba, mtaa mwingine wa Jinja, nilipapenda kwa sababu Kiswahili kinasikika kila kona na bei iko chini. Ila hakikisha anayepokea hela ndiye mwenye haki ya kupangisha, maana wengine ni wapangaji wenzako. Njeru, ng'ambo ya Nile, kodi ni rahisi, lakini nauli ya boda kila siku inakula ulichookoa.

Kasoro ya nilipo ni maji. Mchana bomba linatoka kidogo sana, kwa hiyo najaza jerikani usiku. Zaidi ya hilo sina lalamiko. Ukija kutafuta Mpumudde, fika kwa mwenyekiti asubuhi na barua yako mkononi, kwa sababu baada ya saa sita huwa shambani.